Rais Mpya Akija, Sisi wa Mloka Tunaangalia Mto

Naandika kutoka Mloka, Rufiji. Kwa wasiopajua, ni huku karibu na lango la Mtemere, ukilipita tu uko mbugani na tembo. Kabla sijaenda mbali niseme nipo upande gani, maana najua kuna watu watauliza. Sina kadi ya chama chochote, Dodoma sijawahi kukanyaga, na elimu yangu ni kidato cha nne. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa nje kabisa, anayemwona rais kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi.

Na ni hapo hapo kibandani tulipokuwa usiku wa Machi 17, 2021, Mama Samia alipotokea TBC kutangaza kwamba Magufuli amefariki. Watu kimya. Muuza chipsi alisahau karai, viazi vikaungua, hakuna aliyelalamika. Siku mbili baadaye mama akaapishwa, kwa sababu Katiba ya 1977 inasema rais akifariki makamu anamalizia kipindi.

Nikiri ukweli, mimi nilikuwa na mawazo mawili kwa wakati mmoja. Magufuli ndiye aliyenisomesha, naweza kusema hivyo. Ada zilipofutwa Januari 2016 nilikuwa darasa la sita, na bila ile elimu bila ada mimi sekondari ningeisikia kwa wenzangu tu. Lakini hiyo hiyo awamu ya tano ndiyo ilikuwa na ule wakati wa Kibiti. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa njiani, wenyeviti wa vijiji na watendaji nao waliuawa mmoja mmoja, kisha pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Na wapo watu waliochukuliwa wakati ule ambao familia zao bado zinasubiri. Huku ukiuliza habari hiyo unaambiwa kunywa chai yako. Sasa mtu wa namna hiyo utamlilia au utapumua? Mimi nilifanya vyote viwili.

Halafu kuna bwawa. Julai 26, 2019 Magufuli aliweka jiwe la msingi pale Stiegler's Gorge, juu yetu kidogo tu kwenye mto huu huu. Megawati 2,115, mashine tisa, mkandarasi kutoka Misri, gharama trilioni 6.5 na ushee. Vijana wa huku walipata vibarua, mama ntilie wakauza, wallahi tulichangamka. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya Selous ikageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alipofariki, ujenzi ulikuwa haujafika hata nusu, na swali la kwanza kijiweni halikuwa la demokrasia. Lilikuwa: huyu mama ataendelea nalo au atalitupa?

Akaendelea nalo, apewe haki yake. Desemba 22, 2022 alibonyeza kitufe bwawa likaanza kujazwa, na mwanzoni mwa 2024 mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme. Na si bwawa tu. Aprili 2021 alisema televisheni za mtandaoni zilizofungiwa zifunguliwe. Novemba mwaka huo wasichana waliopata ujauzito wakaruhusiwa kurudi shule. Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ikarudi. Sauti yenyewe ilikuwa tofauti, ya upole, Kiswahili cha pwani kama chetu. Nilimwambia bibi yangu, sasa tumepata mtu.

Bibi akacheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usimsifie mgeni kabla hajalala."

Bibi ana hesabu zake za viongozi na zote zinapita mtoni. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Nyerere akaja na Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa mahali pa juu. Bondeni ndiko kwenye udongo. Mndengereko analima mlau maji yakishapungua, anajenga dungu lake juu ya miti anakaa humo kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Mkapa akaleta daraja mwaka 2003, hilo bibi hana neno nalo. Kwa hiyo yeye rais mpya hamuulizi ni mkali au mpole. Anauliza: akitaka kufanya jambo kwenye mto, ataniambia kabla?

Nilimwona mshamba. Ikaja Aprili 2024. Mvua kubwa za El Nino, Rufiji na Kibiti zikafunikwa, mashamba na nyumba zikaenda, watu wakahamia kwenye makambi. Wananchi wakasema ni maji ya bwawa, serikali ikasema ni mvua, na kwamba bila bwawa ingekuwa mbaya zaidi. Mimi si injinia, siwezi kuamua hapa. Ninachojua ni kwamba shamba la mama yangu lilizama lote na yeye hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kuhama siku ile. Maji ndiyo yalimwambia. Na umeme wenyewe unapanda laini ya kilovolti 400 kwenda Chalinze. Bibi bado anawasha sola.

Mwaka 2025 ndiyo nikaelewa kwamba swali la bibi si la mto peke yake. Aprili, Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Mei, mtandao wa X ukazimwa. Oktoba 29, siku ya kura, intaneti ikakatika nchi nzima, watu wakauawa mitaani, na hadi leo idadi inabishaniwa. Tukatangaziwa asilimia 97.66. Mimi nilikuwa nimeshika simu inazunguka tu, nina binamu zangu wawili Dar, siku kadhaa sijui kama wazima. Walikuwa wazima. Wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Hapo nikajilaumu kidogo. Mwaka 2021 tulipima sauti ya mtu, tukaona mkali ameondoka mpole amekuja, basi yamekwisha. Lakini ofisi aliyoikalia ilikuwa ile ile, yenye nguvu zile zile za kufunga na kufungua, katiba ile ile. Alipofungua tulishukuru kama tumepewa zawadi. Sasa zawadi si mwenyewe anaweza kuichukua?

Sisemi hakuna alichofanya, bwawa lipo na mabinti wamerudi darasani. Nasema akija mwingine, wa chama chochote, mkali au mpole, mimi sitauliza tena anaongeaje. Nataka nijue wakifungua maji kule juu nani anampigia simu mama yangu, saa ngapi, na asipopiga anashtakiwa wapi.