MASTAA, MASHABIKI WAMECHOKA NA "MPENDWA SHABIKI"!

Mjini sasa kila staa ana jarida lake la imeili. Wazo zuri, ila linavyoanza na linavyoisha ni aibu tupu.

Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kila wiki anaanza: "Mpendwa shabiki, ni matumaini yangu u mzima wa afya." Kha! Hiyo si barua ya darasa la tano? Kwenye simu, kabla shabiki hajafungua imeili, anaona jina la mtumaji, kichwa na maneno machache ya mwanzo. Yakiliwa yote na salamu, inafutwa hapo hapo. Angeanza na "Ubeti wa pili niliufuta mara nne," nani asingefungua?

Mwigizaji mmoja naye anamaliza kwa linki saba: tiketi, manukato, Insta, TikTok... halafu "Wako, Menejimenti." Menejimenti ndiyo iliyolia kwenye ile filamu? Shabiki aombwe jambo moja tu, kisha staa aweke jina lake, basi.

Mtu akikupa imeili yake kakufungulia mlango wa nyumbani. Akaunti ya Insta ikidukuliwa kesho, orodha hiyo ndiyo itakayobaki. Ila wengi wakichoka na kubonyeza "spam", hata wale wanaokupenda barua zako zitaanza kuwapotelea.

Mastaa mnaogopa kiki mbaya, lakini hii ya kudharau mashabiki wenu mnajitafutia wenyewe.

Wadau, mnasemaje? Fungukeni!