DAKTARI WA KAMPUNI NI DAKTARI WA NANI?



Wengi wetu hupelekwa kupimwa. Twavua shati, twapigwa eksirei ya kifua, twatoa damu, kisha twarudi kazini. Baada ya siku kadhaa karatasi yaenda ofisini kwa tajiri. Je, ndani ya karatasi ile mna nini? Na sisi wenye kifua chetu twaambiwa nini? Mara nyingi ni neno moja tu: "Sawa."

Hatusemi madaktari ni watu wabaya. Twasema kwamba daktari anayelipwa na kampuni ana mgonjwa mbele yake na tajiri nyuma yake, na kwa hiyo kujua dawa hakumtoshi. Yampasa ajue pia ni lini akatae amri.

Tazameni habari za kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa ikichimba na kutengeneza asbestosi huko Kanada na Marekani. Mwaka 1949 daktari wake aliandika taarifa juu ya wafanyakazi 708 wa Kanada waliopigwa eksirei. Wachache walikuwa wamekwisha kushikwa na ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi lile. Daktari akashauri kwamba maadamu hawajashindwa kazi, wasiambiwe, ili wakae kwa amani na kampuni izidi kufaidi ujuzi wao. Amani gani hiyo, ndugu? Mtu yule alijua kusoma picha vizuri kabisa! Baadaye alitoa ushahidi kwamba aliomba maonyo yaandikwe kwenye magunia, akakataliwa. Twamwamini, lakini waliokuwa wakivuta vumbi hawakujua lolote. Mwaka 1982 kesi zilikuwa nyingi hata kampuni ikakimbilia sheria ya kufilisika.

Sisi wa reli tusidhani hayo ni mambo ya Wazungu. Asbestosi ndiyo iliyofunika maboila ya injini za mvuke, na ugonjwa wake hukaa miaka 20 au zaidi bila kuonekana. Mtu hustaafu, huenda shambani kwake, ndipo pumzi humwishia. Nani atakumbuka karatasi yake ilisema nini?

Sheria za Kenya hazikunyamaza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema mgonjwa aelezwe hali yake, na siri yake itunzwe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi. Tajiri ana haki ya kujua kama mtu aweza kazi yake, na ni kazi gani asipewe. Jina la ugonjwa si lake.

Lakini tuseme kweli yote. Dereva asiyeweza kupambanua taa nyekundu na kijani hana budi kuondolewa kwenye injini, hata akilia, hata akiwa ndugu yetu, maana nyuma yake mna abiria. Daktari atakayemficha ametukosea. Tena wako wanachama waendao kwa dresa na noti mkononi kutaka cheti cha ugonjwa ili wapate siku tatu za kwenda nyumbani. Dresa auzaye cheti leo kwako, kesho atauza cha tajiri dhidi yako utakapoumia, nawe utataka akupimie ulemavu wako kwa haki upate fidia.

Daktari aandikaye ukweli naye huweza kupoteza kazi. Basi chama kitake katika mapatano yajayo kwamba daktari wa kampuni asifukuzwe bila chama kuelezwa sababu, na kwamba kila mfanyakazi apewe nakala ya majibu yake mkononi, kwa lugha aijuayo.

Wawakilishi wa kila karakana na kila dipo waulize watu wao swali hili: ulipopimwa mara ya mwisho, uliambiwa nini? Majibu yaandikwe bila majina ya magonjwa, yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano wa tawi.