TAHARIRI: DAWA YA TUNGULE ITOKE UVUNGUNI



Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya ghala. Wako waliotoka wakinung'unika kwamba fedha za tungule zinunue mbegu, si mlango na kufuli. Sisi wa gazeti hili la ukutani tuko upande wa kufuli, na tunasema hivyo wazi.

Dawa ya kupulizia mboga tunainunua pamoja, tunapimiana, kila mtu anakwenda na yake nyumbani. Anaitia katika chupa ya soda. Anaiweka wapi? Uvunguni mwa kitanda, ama jikoni karibu na mafuta ya taa, ambayo nayo yamo katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, anachojua ni kwamba chupa ya soda ina soda. Na hilo jina lenyewe linatudanganya. Tunaita "dawa", na mtoto keshafundishwa kuwa dawa hunywewa mtu akapona. Hii ni sumu, jamani, tuiite sumu.

Hatari ya chupa kila mtu anaiona. Iliyojificha ni ya mama mja mzito. Mume anarudi shamba na bomba mgongoni, shati limerowa. Analivua, analitupa kwenye karai pamoja na kanga na nguo za watoto. Anayefua ni nani? Ni mke, mimba ya miezi 5, mikono mitupu. Nyingi katika sumu hizi hupenya ngozi bila ya kuuma wala kuwasha. Zikishaingia katika damu ya mama, nyingine hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto, ambaye ndiyo kwanza ubongo wake unajengwa.

Haya yamepimwa. Huko New York, Marekani, watu walikuwa wakipulizia mende majumbani kwa sumu iitwayo klopirifosi, ambayo wakulima pia huitumia mashambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia waliipima katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, wakawafuata watoto 265 mpaka umri wa miaka 7. Matokeo yalitoka mwaka 2011: waliozaliwa na sumu nyingi zaidi walikuwa nyuma katika akili na kukumbuka. Marekani ilikuwa imekwisha kuikataza majumbani tangu mwaka 2001, na mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiondoa, ingawa kwa kazi fulani bado imeruhusiwa kwa muda.

Mzee mmoja alituambia, "Ati mama zetu walifua nguo hizo hizo na sisi tumezaliwa wazima." Kwa heshima yake tunamjibu: mama zetu hawakupulizia kila wiki. Na aliyepungukiwa na akili kidogo tumboni nani atamjua? Atakwenda skuli, atachelewa kushika hesabu, ataitwa mvivu na bakora atakula.

Hatusemi kila anayepulizia ni adui. Wazee wanakumbuka DDT iliyopuliziwa kuta zetu katika kampeni ya malaria iliyokwisha mwaka 1968. Malaria ilishuka sana Unguja, na kampeni ilipokoma ikarudi. Lakini DDT haiondoki upesi: hukaa katika mafuta ya mwili na hutoka katika maziwa ya mama. Na sumu isiyotunzwa ni balaa jengine. Ng'ambo ya bahari yetu, Vikuge wilaya ya Kibaha, tani 170 hivi za sumu zilizotolewa na Ugiriki mwaka 1986, nyingine zimekwisha muda, ziliachwa katika banda bovu, banda likaanguka, na udongo wa pale ukaharibika kwa miaka mingi.

Sisi tunakaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya karai yakimwagwa nyuma ya nyumba hupenya upesi, na tunayoyateka kisimani ni hayo hayo yaliyo chini.

Basi tunataka hivi. Sumu yote ikae ghalani katika makopo yake yenye maandishi, ufunguo kwa watu wawili. Nguo za kupulizia zibaki huko huko, azifue aliyezivaa, mbali na kisima, na aoge kabla hajampakata mtoto. Makopo matupu yasuuzwe mara 3 ndani ya bomba, yatobolewe, yasitekewe maji. Na hili ndilo lililoleta kelele: mwanamke mja mzito na anayenyonyesha aondoshwe katika zamu ya kuchanganya na kupulizia, wala mgao wake usipunguzwe hata senti moja. Kupalilia na kufunga matenga nako ni kazi.

Mtoto akinywa sumu au mafuta ya taa, asitapishwe, wala asilazimishwe maziwa au dafu. Mafuta ya taa yakipanda huingia mapafuni. Akitoka jasho na mate mengi, mboni zikawa ndogo, mbio hospitali, na kopo lichukuliwe daktari alione.

Kura ya ghala itapigwa Ijumaa baada ya sala, hapa hapa chini ya mwembe. Mwenye chupa ya soda yenye sumu nyumbani ailete kabla ya siku hiyo, hataulizwa neno.