Hicho Kitabu Si Chako, Komredi. Rudisha!

Wacha niseme hii kitu leo, na mwenye kukasirika akasirike. Kuna wasee wanatembea kampasi na tisheti za kupigania haki za wanafunzi, wakati wa kampeni wanapiga kelele mpaka sauti inakauka, na huko hosteli chini ya kitanda wana vitabu vitatu vya idara tangu mwaka wa pili. Huo si uanaharakati, bana. Huo ni wizi wenye kitambulisho cha chuo.

Nazungumzia maktaba ya idara, si ile kubwa yenye walinzi mlangoni. Ya idara mnaijua: chumba kimoja karibu na ofisi ya sekretari, rafu chache, na daftari la mistari. Unaandika jina, namba ya usajili, jina la kitabu na tarehe, unatia sahihi, unaenda. Hakuna kengele italia. Mfumo wote umesimama juu ya neno lako. Ndiyo maana kuuvunja ni rahisi, na ndiyo maana kuuvunja ni aibu.

Tupige hesabu. Tuseme idara ina nakala 2 za kitabu, mkopo ni wiki 2, na semista ina wiki 14. Kila kitu kikienda sawa, watu 14 watakisoma. Ukikalia nakala moja semista nzima, umewafungia nje wenzako 6. Na hao 6 si wale wa kununuliwa vitabu na wazazi. Ni yule anayengoja pesa ya HELB ndio alipe nyumba na anunue unga. Tangu 2013 vitabu hapa Kenya vinatozwa VAT, kwa hivyo usimwambie "si anunue tu" kama vile duka linagawa.

Na kuna vitabu hata ukiwa na pesa utavitafuta mpaka viatu viishe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika mradi juu ya *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi, riwaya za 1990 na 1991, akikosa nakala ya idara anaanza kuzunguka kwa wauza vitabu wa mtaani akiomba Mungu. Wewe nakala hiyo umeiwekea kikombe cha chai.

Najua mtasema, "Si kuna PDF?" Gani? Zile picha za simu zenye kivuli cha kidole, kurasa kumi hazipo, na bado ununue bando kuzifungua? Vitabu vingi vya Kiswahili havijawahi kuwekwa mtandaoni kihalali. Karatasi ndiyo hiyo moja, na iko kwako.

Lakini chuo nacho kisijifiche nyuma ya komredi. Kwa wengi wetu, kitabu hukumbukwa siku moja tu: siku ya kuklia. Unazunguka na fomu ukitafuta sahihi ya maktaba, ya idara, ya hosteli, na gauni inakungoja. Hapo ndipo kitabu cha mwaka wa kwanza kinarudi, na wenzako waliokihitaji walishafanya mtihani bila hicho. Ama unalipa faini na mambo yanaisha. Yanaisha kwako. Faini haisomeki. Pengo kwenye rafu linabaki pengo.

Na msidhani faini ndiyo dawa ya pekee. Mwaka wa 2019 maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha, na vitabu vilivyokaa nje muda mrefu vikaanza kurudi. Mtu akiogopa deni, anakwepa mlango kabisa. Wahenga walishamaliza: kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa walimu wetu, kwa heshima zote. Daftari la idara yetu limejaa majina ya wanafunzi tu. Lekchara anachukua kitabu, anasema "nitakirudisha kesho," na sekretari hawezi kumuuliza. Kisha kitabu hicho hicho kinatokea kwenye orodha ya vitabu vya lazima. Tukisome wapi, daktari? Mkuki kwa nguruwe, eti?

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala kamati. Mwanzo wa kila semista kuwe na wiki moja ya kurudisha bila faini, bila maswali. Nakala moja ya kila kitabu cha darasani isitoke kwa hicho chumba hata kwa dakika tano. Daftari liwe moja, profesa na mwanafunzi waandike mstari mmoja chini ya mwingine. Na kiongozi wa darasa atume kwa grupu, kila Ijumaa, orodha ya vitabu vilivyo nje na tarehe za kurudi. Kalamu na simu, basi.

Lakini usingoje idara ijipange ndio uwe mtu. Kama unacho, kesho asubuhi kipeleke. Huhitaji hotuba. Kiweke mezani, hakikisha jina lako limekatwa kwenye daftari, toka uende zako. Na kama huna, najua unamjua mwenye nacho. Mtumie hii sasa hivi, kabla hajakuambia amelala.