Kauli Kabla ya Kukata Kauli

Kiswahili kina msemo wenye nyuso mbili. Kukata kauli ni kuamua jambo. Kukata kauli, vilevile, ni hali ya mgonjwa mahututi kushindwa kunena roho inapokaribia kumtoka. Nchini Kenya, suala la kutumia viungo vya marehemu kuwanusuru walio hai limekwama baina ya maana hizi mbili. Aliyestahili kuamua hakuamua, na ulimi ukishafungwa, jamaa huachiwa mzigo wa kumsemea.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu autoe mwili wake, au sehemu yake, utumiwe baada ya kifo: kwa wasia, kwa hati yenye saini za mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi hao. Asiponena lolote, idhini hutolewa na jamaa kwa utaratibu maalumu, mume au mke akiwa wa kwanza. Ukoo hautajwi. Hata hivyo, upandikizaji wa figo nchini umeendelea kuwategemea watu walio hai, hasa jamaa wa mgonjwa. Asiyekuwa na ndugu wa kumfaa hubaki kwenye mashine ya kusafisha damu, au hutafuta figo ya kununua. Madai ya biashara hiyo yaliitikisa nchi mwaka 2025 hata serikali ikaunda kamati ya uchunguzi.

Waama, Wakenya wanajua fika kwamba mwili wa marehemu si wa mjane peke yake. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akishikilia kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na maziko yakafanyika tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo. Moyo uliotolewa mwilini hudumu saa nne hadi sita hivi; ini hustahimili kiasi cha nusu siku; figo iliyohifadhiwa kwenye baridi, siku moja na ushei. Sheria ya 2017 imemtanguliza mjane, desturi haijamtanguliza. Ni daktari gani atakayethubutu kushika kisu kwa idhini yake ilhali wazee wa ukoo wamo njiani kuja hospitalini?

Ugumu wa pili, ambao unawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, ni wa maneno. Viungo vingi huchukuliwa kutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa ilhali moyo ungali unapiga kwa msaada wa mashine. Kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza kigezo hicho mwaka 1968. Kwa Mswahili, afaye hukata roho: pumzi hukatika, mwili hupoa, macho yakafumbwa. Sasa mama anakiona kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka, anaushika mkono wenye joto, kisha anaambiwa kuwa huyo ni marehemu. "Kifo cha ubongo" ni tafsiri sahihi, lakini haimwelezi mama huyo kitu. Mbaya zaidi ni istilahi ya "kuvuna viungo", ambayo wapo wanaoitumia bila haya. Huvunwa mahindi, mtu havunwi. Kuchangia damu kumekwisha kuzoeleka, na kuchangia viungo kungefuata njia hiyo hiyo.

Wapo wanaosingizia dini. Hoja hiyo haina mashiko: Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu liliruhusu upandikizaji, kwa masharti, mwaka 1988, naye Papa Yohane Paulo II aliusifu mwaka 2000.

Uhispania, mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani katika jambo hili, ina sheria ya mwaka 1979 inayomchukulia kila marehemu kuwa ameridhia asipokuwa alikataa. Hata hivyo, jamaa huulizwa, na wanaowauliza wamefunzwa kazi hiyo. Kenya ingeweza kuanza na jicho. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, huweza kuchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama. Haihitaji mashine wala mjadala wa ubongo, na uso wa marehemu haubadiliki machoni pa waombolezaji. Hadi sasa madaktari wa macho nchini wamelazimika kuagiza konea kutoka ng'ambo, kwa marehemu ambao jamaa zao waliulizwa kwa lugha yao wenyewe.