Habari za dhahabu yetu zinauzwa Paris

Kule Paris kuna nyumba ya magazeti inaitwa Indigo Publications. Tangu miaka ya 1980 inatafuta habari za siasa na biashara ambazo wakubwa hawapendi zitoke. Gazeti lake juu ya bara letu ni Africa Intelligence, kwa Kifaransa na Kiingereza: nani anataka mgodi gani, waziri gani amepokea nani. Linaishi kwa wasomaji wanaolipa abonema. Hatulilaumu. Anayelipwa na msomaji haogopi bosi wa kampuni.

Lakini huyu msomaji ni nani? Ni benki, ubalozi, avoka, kampuni lenyewe. Mfanyakazi wa Salamabila hayumo.

Tuangalie mgodi wa Namoya, huku Kabambare. Desemba 2017, Banro ya Kanada, iliyokuwa na mgodi huo, iliomba mahakama ya Ontario iilinde na wale waliokuwa wanaidai. Septemba 2019, kazi ya Namoya ikasimamishwa kwa sababu ya usalama. Mwenye hisa anafuata mambo kama haya hatua kwa hatua, anauza zake mapema. Mfanyakazi anayekopa mchele akitegemea mshahara wa mwezi ujao, yeye anasikia uvumi wa sokoni. Anayejua mapema anajadiliana. Anayejua mwisho anafunga mizigo tu.

Na si mishahara peke yake. Kodi ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya madini iende kwa sekta, sheferi na miji ya mahali, na kampuni litoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Asilimia 15 ya ngapi? Bila hesabu, hiyo sheria ni sahani tupu.

Dekreti ya 20 Mei 2011 inataka mkataba wa madini utangazwe ndani ya siku 60. Basi, tuombe mambo matatu. Mikataba na malipo vibandikwe ofisi ya sekta, kwa Kiswahili. Redio za Kasongo na Kabambare zivisome. Na sendika zetu zichange abonema moja, delege asome, atueleze wote.

Dhahabu inatoka kwetu. Habari zake zisitufikie wa mwisho.