Njaa Haiondolewi kwa Mbegu Peke Yake



Kila mwaka tarehe 16 Oktoba hufanywa sherehe ya Siku ya Chakula Duniani. Wakubwa husimama jukwaani, hotuba husomwa, miche hupandwa, kisha watu hurudi makwao. Mfanya kazi naye hurudi kwake, akapita dukani, akauliza bei ya unga. Hapo ndipo sherehe inapokwisha.

Siku hiyo ni ukumbusho wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lililoundwa tarehe 16 Oktoba 1945 katika mji wa Quebec, Kanada. Makao yake makuu yako Roma, Italia, tangu mwaka 1951, na Kenya iliingia mwaka 1964, mara baada ya Uhuru. Kazi yake ni kupigana na njaa na kuwasaidia wakulima walime bila ya kuiharibu ardhi watakayoachiwa watoto. Wanachama wetu huuliza: Shirika hili lina faida gani kwetu sisi tunaokula kwa mshahara? Swali hili ni la haki, nasi twalijibu leo bila ya kuficha.

Kwanza tutoe sifa mahali panapostahili sifa. Wazee wetu walisimuliwa habari za sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 hata matajiri wa mifugo wakawa maskini kwa msimu mmoja. Chanjo nzuri ya ugonjwa ule ilitengenezwa hapa kwetu Muguga, karibu na mwaka 1960, chini ya Daktari Walter Plowright. Majina ya waliofunga ng'ombe kamba na kuosha chupa hatuyasikii, lakini bila wao kazi isingefanyika. Shirika likaungana na serikali nyingi, chanjo ikapelekwa nchi kwa nchi, na mwaka 2011 likatangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa kabisa katika historia, baada ya ndui.

Tena nzige walipoingia Kenya mwezi wa Desemba 2019, kwa wingi ambao nchi haikuuona kwa miaka 70, Shirika hilo ndilo lililotoa habari za makundi yanakotoka na yanakokwenda, likaomba fedha, likasaidia kuleta ndege na dawa. Kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Asiyeona faida ya kazi hiyo na awaulize watu wa kaskazini.

Basi ikiwa elimu iko, na chanjo iko, mbona njaa ingaliko? Hesabu za Shirika lenyewe na wenzake zasema kwamba mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa. Katika Afrika walikuwa zaidi ya milioni 307, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano. Lakini iko hesabu nyingine ambayo mfanya kazi apaswa kuishika zaidi. Watu wasioweza kununua chakula chenye afya walikuwa kama milioni 2,600, na Waafrika kati yao walipita milioni 1,000. Hawa si watu wa nchi zenye ukame tu. Wengi wao huamka alfajiri kwenda kazini. Chakula wanakiona sokoni kimepangwa. Kinachokosekana ni fedha mfukoni.

Jambo hili si geni. Mkuu wa kwanza wa Shirika, John Boyd Orr wa Scotland, alilijua tangu zamani. Mwaka 1931 yeye na Daktari Gilks, mkuu wa idara ya uganga katika Kenya, walitoa taarifa juu ya chakula na afya ya Wamasai na Wakikuyu. Kisha mwaka 1936 akaandika juu ya watu wa kwao Uingereza. Katika nchi ile iliyokuwa na utajiri mkubwa, aliona kwamba karibu nusu ya watu hawakupata chakula cha kuwatosha kwa afya kamili, na kadiri mapato ya nyumba yalivyopungua ndivyo sahani ilivyopungua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1946 Boyd Orr alitoa shauri kubwa. Alitaka iundwe Bodi ya Chakula ya Dunia, inunue mavuno yanapokuwa mengi, iyaweke ghalani, na kuyatoa wakati wa upungufu, ili bei isimwangushe mkulima wala isimnyonge mnunuzi. Uingereza na Marekani hazikukubali, na shauri likafa. Mwaka 1948 aliacha kazi, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Shirika likaendelea na elimu na hesabu, lakini mamlaka juu ya bei halikupewa. Ndugu, twataka jambo hili lifahamike. Shirika laweza kumfundisha mama yako kulima vizuri zaidi, lakini haliwezi kumwambia mwajiri wako akulipe kiasi gani.

Wako watakaosema: mfanya kazi akitaka unga rahisi, mkulima ataumia. Maneno haya yana uzito, maana wengi wetu tuna wazazi mashambani, na fedha tunazopeleka nyumbani ndizo zinunuazo mbegu na mbolea. Hatutaki unga rahisi unaotokana na umaskini wa mama zetu. Lakini tazameni mambo yalivyo. Wakati wa mavuno mkulima mdogo huuza mahindi upesi, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa karo yadaiwa na ghala hana. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe hununua mahindi kwa bei ya juu, naye mfanya kazi wa mjini hununua kwa bei ile ile. Faida imebaki katikati. Ghala la ushirika kijijini na ghala la serikali linalofunguliwa kwa wakati wake yangewafaa wote wawili. Shauri la Boyd Orr kwa dunia nzima laweza kuanzia kwenye kata moja.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu.

La kwanza, kila tawi lihesabu chungu chake. Kabla ya mazungumzo ya mishahara, wawakilishi wetu waandike bei ya unga, maharagwe, sukuma wiki, maziwa, mafuta na makaa kwa mwezi mmoja wa nyumba moja, wailete mezani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Mshahara usiotosha chungu hicho wapingana na maneno hayo.

La pili, wenzetu wa chai, kahawa, miwa na maua wadai kinga. Tangu mwaka 1985 Shirika lina kanuni za mwenendo juu ya dawa za kuulia wadudu, na serikali za dunia zilizikubali. Mwenye kunyunyiza dawa bila glavu wala kitambaa cha pua azijue kanuni hizo. Kilimo kinachotunza udongo na kumwacha mtu augue hakiwezi kuitwa kilimo cha kudumu.

La tatu, tukalie kiti chetu. Kamati ya Usalama wa Chakula Duniani, ambayo hukutana Roma, ilitengenezwa upya mwaka 2009, na wafanya kazi wa kilimo na wa chakula wakapewa mahali pa kusema pamoja na wakulima wadogo, wafugaji na wavuvi. Vyama vyetu visiwaachie wengine sauti hiyo. Apelekwe mtu aliyewahi kuchuma chai kwenye mvua, naye asikilizwe.

Mwaka 1974 serikali zilikutana Roma zikaahidi kwamba katika miaka 10 hakuna mtoto atakayelala na njaa. Miaka 10 ikapita. Mwaka 2015 zikaahidi tena kumaliza njaa ifikapo 2030. Ahadi ni deni, na mdai asiyefuata deni lake hulipotewa. Hatulaumu Shirika kwa kazi lisilopewa. Twawalaumu wanaolishangilia tarehe 16 Oktoba, kisha tarehe 17 wakakataa kuongeza shilingi moja.

Elimu ya kulima na itoke Roma, na Muguga pia. Mshahara wa kununua kilicholimwa hautatoka huko. Utatoka katika umoja wetu, mkutano kwa mkutano, haba na haba mpaka kibaba kijae.